Namba Saba ni Nani?

Jumatatu, 3 Februari

Barua pepe ya nne kwa Bwana Kesho. Nimeituma saa nne na robo, maana kabla ya saa nne hajafika na ikigonga saa tano anaingia kikaoni. Najua. Kikao hicho nilikianzisha mimi.

Kichwa cha barua maneno sita, hayazidi. Aya moja. Hakuna "tunayo furaha kukutaarifu". Jana sikumwandikia kwa sababu jana kulikuwa na mechi, na mwandishi wa michezo hasumbuliwi siku ya mechi hata nyumba yake ikiungua. Sheria zote nimezishika. Na zote nilimfundisha mimi! Miaka sita alikaa ng'ambo ya meza yangu, ananiletea habari zake, nazikatakata kwa kalamu nyekundu. Leo anakalia kiti changu — kile chenye mguu mmoja mfupi, naomba Mungu bado kinayumba — na mimi ndiye ninayepiga hodi.

Gazeti liliunganisha dawati la michezo na ukurasa wa simu, saa na televisheni. Wakaona mtu mmoja anatosha. Mtu huyo hakuwa mimi. Nikaangukia huku, kampuni ya mawasiliano, ambako kazi yangu ni kuwashawishi waandishi waandike habari za wateja wetu. Kwa lugha ya nyumbani: kuombaomba kwa kutumia kompyuta.

Mteja wa sasa anatengeneza bangili ya plastiki ya wakimbiaji. Inapima mapigo ya moyo. Taa ya kijani, kimbia. Njano, punguza. Nyekundu, simama, na yenyewe inatetemeka mkononi. Mteja anaiita Mlinzi. Mimi naiita bangili. Atadhamini mbio za mji tarehe 16 Machi, na anataka habari moja kwenye gazeti lile, kwa mkono wa Bwana Kesho, kabla ya siku hiyo. Asipoipata, ataondoka. Mkurugenzi ameshasema: "Mteja akiondoka, hataondoka peke yake." Alikuwa ananitazama mimi.

Jumanne, 4 Februari

Kimya. Nimemtumia na meseji. Ameiona — alama zimegeuka rangi. Ameona na amenyamaza.

Asante ya punda.

Ijumaa, 7 Februari

Kapokea simu! Bahati mbaya yake, nilipiga kwa namba ya mapokezi.

"Aa, Dada! Shikamoo."

Marahaba. Hajambo, watoto hawajambo, kazi nyingi. Nikaingiza bangili haraka haraka kabla hajasema neno lake. Akanisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Kisha akasema kila wiki analetewa bangili, wiki hii tu ana tatu kwenye droo, moja inamwambia alale na nyingine inamwambia anywe maji. "Dada, si wewe uliyenifundisha? Kifaa hakina habari. Mwenye habari ni mtu. Niletee mtu."

Nilitaka kumwambia apeleke ufundi wake huko. Lakini ni kweli nilimfundisha. Niliandika kwa chaki ukutani, juu ya kichwa chake.

"Basi nitaiangalia kesho," akasema. Jina lake hilo hakulipata kwa bahati nasibu.

Jumatatu, 10 Februari

Kikao na mteja. Mwenye kampuni ni mhandisi, ameitengeneza bangili mwenyewe, na anaizungumzia kama mtu anayemsifu mtoto wake wa kwanza. Kucha zimetafunwa. Usiku hapati usingizi, amesema mwenyewe. Sikutegemea kumpenda na nusura nimpende.

Nikawaambia: tupate watu. Kumi na wawili, wavae bangili, wakimbie kilomita kumi na tano Jumamosi, tuandike walivyojisikia. Mkurugenzi akasema nani atakubali kuamka saa kumi na moja alfajiri bure? Nikasema nitaanza na mdogo wangu.

Mdogo wangu ni mwalimu wa michezo shule ya msingi. Ana miaka thelathini na saba na bado anapanda ngazi mbili mbili. Mama alipofariki yeye alikuwa na kumi na miwili, mimi kumi na tisa. Nimemfulia sare, nimemsainia ripoti, nimemwozesha. Nikimwambia vaa, atavaa. Nimempa namba saba kwa sababu ndiyo aliyokuwa akivaa uwanjani.

Halafu wazo la pili likanijia papo hapo, nikalitema kabla sijalitafuna: wanafunzi wake arobaini watakimbia kilomita tano za watoto siku hiyohiyo ya mbio za mji. Tuwape bangili wote. Watoto arobaini, taa arobaini za kijani. Nani ataikataa picha hiyo?

Mkurugenzi alipiga makofi. Mhandisi akasema bangili ni ndogo za kutosha, mikanda inakazwa. Nilitoka pale najiona bado nina kichwa. Nyumbani nikapika na kuimba.

Jumamosi, 15 Februari

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali.

Nilikuwa kwenye gari la nyuma na Mhandisi. Yeye na laptopu yake mapajani, nukta kumi na mbili za kijani zinatembea kwenye ramani. Kilomita ya kumi na moja mdogo wangu alikuwa wa tatu. Nikamwona anaweka mkono kiunoni. Nikasema, yule anachoka. Mhandisi hakuinua kichwa. "Namba saba? Kijani. Yuko vizuri sana."

Akaanguka. Hakujikwaa — alikunja magoti kama mtu anayepiga magoti kuomba, kisha akalala kifudifudi.

Nilikimbia na viatu vya ofisi. Mhandisi alinipita. Nilifurahi aliponipita! Nikafikiri, kijana mzuri, anawahi kumsaidia. Alipiga goti pembeni ya mdogo wangu, akamshika mkono, akafungua bangili, akaitia mfukoni. Ndipo akaita maji.

Nimeiona kwa macho yangu. Taa ilikuwa bado kijani.

Jumapili, 16 Februari

Amefungua macho. Ameomba chai, wamemnyima.

Daktari ni mama mfupi asiyepoteza maneno. Moyo unapiga ovyo ovyo, ulikuwa ukifanya hivyo kitambo, na jana ulikwenda mbio mpaka ukashindwa. Dawa kila siku. Kukimbia ndiyo basi tena. Aliuliza kama kuna dalili yoyote iliyomwonya njiani. Nikavuta shuka, nikamfunika mgonjwa miguu.

Kwenye kifundo cha mkono wa kushoto mdogo wangu ana alama. Mstari mwekundu, upana wa kidole, umezunguka mkono mzima, na vitundu vya mkanda vinahesabika. Wifi yangu alikuwa akiupaka mafuta.

Tulipobaki wawili akanishika. "Dada, usiniandike. Nakujua. Shule wakisikia nina moyo mbovu wataniondoa kwenye michezo, watanipa darasa la hesabu. Nitakufa kweli." Akacheka, akakohoa.

Nimemwahidi. Nimeapa kwa Mama.

Alhamisi, 20 Februari

Mhandisi ametoa maelezo. Amevaa shati jipya. Namba saba alivaa bangili ikiwa imelegea, kwa hiyo haikugusa ngozi, kwa hiyo ilikisia. "Kosa la mvaaji." Hakunitazama usoni hata mara moja. Nami sikumwambia kuhusu ile alama. Kwa nini sikumwambia? Nilikuwa nimeshika kalamu, midomo iko wazi, na Mkurugenzi akasema, haya, tusonge mbele.

Tukasonga. Wajaribu walikuwa kumi na wawili. Kuanzia leo ni kumi na mmoja. Kazi ya kuandika hivyo nimepewa mimi. Nimeandika. Inachukua dakika moja kumfuta mtu. Unafuta namba yake, unarekebisha jumla, unasoma tena kama sentensi bado inatembea. Inatembea vizuri tu.

Baadaye Mkurugenzi amenifuata mezani, akaweka mkono begani, akauliza hali ya mgonjwa. Anajua ni mdogo wangu. Akasema mteja yuko tayari kutuma matunda.

Jumanne, 25 Februari

Nimemtumia Bwana Kesho habari ya watoto arobaini. Kimya.

Leo gazeti lake lina ukurasa mzima juu ya viatu vya mpira vinavyojifunga kamba vyenyewe. Ukurasa mzima! Nimeusoma na kalamu nyekundu mkononi, ujinga ulioje. Mkato mmoja umekosewa. Aya ya tatu ni ya kwangu — ule mtindo wa kuanza na mkono wa mtu badala ya uso wake, nilimpa mimi, mwaka wa kwanza, alipokuwa hawezi hata kuelezea kona.

Ni mwandishi mzuri. Hilo ndilo linalonichoma.

Ijumaa, 28 Februari

Wifi amepiga. Mgonjwa anatembea, anakula, anagomba. Karudi shuleni kwa kazi nyepesi, amewaambia alikuwa na malaria. Anawapimia watoto muda akiwa ameketi kwenye kiti. Analeta nyumbani majina ya walioshinda, anayabandika kwenye friji.

Mkurugenzi: siku kumi na sita zimebaki. Anaziandika kwenye ubao, anafuta, anaandika. Kama mtu aliye jela.

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Ngoja niandike taratibu.

Saa nne na dakika kumi na mbili nilimtumia Bwana Kesho taarifa kamili kwa vyombo vya habari, ile tuliyoifanyia kazi wiki mbili, mimi na Mkurugenzi, tukirushiana. Saa nne na dakika kumi na sita kompyuta ikalia. Yeye! Dakika nne! Moyo wangu uliruka kama wa msichana. Mwezi mzima namwandikia mtu huyu, na sasa dakika nne.

Maneno manne: "Namba saba ni nani?"

Nikafungua barua niliyomtumia. Nikafungua kiambatisho. Sikutuma ile safi. Nilituma ile ya kazini, yenye maoni yetu yote pembeni, ndani ya vile visanduku vya njano. Vyote vipo. Nanakili hapa, maana nimeshavikariri:

Mkurugenzi: "Futa yote ya namba 7. Wajaribu ni 11."

Mimi: "Nimefuta. Ila alianguka taa ikiwa kijani. Neno 'salama' tuliondoe?"

Mkurugenzi: "Liache. Mteja ndilo analolitaka."

Mimi: "Sawa."

Sawa! Hilo ndilo lililonitoa machozi. Si yale mengine. Nilikaa chooni nikiwa nimefunga mlango, najisomea "sawa" yangu.

Miaka kumi na tisa gazetini nimewafokea watu kwa jambo hilihili. Fungua kiambatisho chako mwenyewe kabla hujakituma! Niliwaambia kila asubuhi, mpaka wakawa wananiigiza nyuma ya mlango. Mimi sikosei hivi. Sijawahi. Mafaili yalikuwa mawili, yamekaa jirani, moja limeandikwa SAFI kwa herufi kubwa.

Ni bahati mbaya. Nimechoka, silali vizuri, nimebonyeza vibaya. Bahati mbaya.

Jumanne, 4 Machi

Amepiga mara tatu kabla ya saa nne. Kabla ya saa nne! Nilipokea ya nne.

Nikamwambia ni kosa la uchapaji. Akacheka, si kwa ubaya. "Dada, wewe? Wewe hukuwahi kuwa na kosa la uchapaji." Kisha akabadilisha sauti. Akasema hawezi kuandika kwa karatasi tu. Mteja atasema karatasi imeghushiwa, mhariri ataiogopa, na gazeti halina hamu ya kwenda mahakamani. Anataka mtu. Aliyeanguka, au aliyemwona akianguka, kwa jina lake. Ukurasa unafungwa Alhamisi ya tarehe 13, saa kumi jioni. "Baada ya hapo, Jumapili watu elfu mbili wanakimbia na kile kitu mkononi, na wewe unalijua hilo kuliko mimi."

Niletee mtu. Maneno yaleyale. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Nikamwambia nitamwambia kesho. Akasema, "Haya, Dada. Kesho."

Alhamisi, 6 Machi

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Leo nimepongezwa!

Bwana Kesho amepiga simu ofisini, kupitia mapokezi, akaomba kuzungumza na Mhandisi kuhusu "usalama wa bangili". Mkurugenzi akatoka chumbani kwake mikono juu. "Amenasa! Amenasa, jamani!" Wote wakasimama. Ameniita simba wa ofisi. Wamenunua keki yenye picha ya bangili, ya sukari, na taa ya kijani. Nimepewa kipande chenye taa.

Nimekila. Kilikuwa kitamu, na hiyo nayo ni aibu.

Mkurugenzi hajui lolote juu ya kiambatisho. Sijamwambia. Namwangalia akimwandaa Mhandisi kwa mahojiano — sema hivi, usiseme hivi, ukikwama tabasamu — na nafikiri, njia ya mwongo fupi, lakini mbona yetu inaendelea tu?

Mhandisi hakula keki. Alikuwa anatafuna kucha.

Jumamosi, 8 Machi

Nilikwenda kwa mdogo wangu nikiwa nimeamua kumwambia yote. Nilifanya mazoezi njia nzima.

Nilimkuta kitandani, madaftari ya wanafunzi yamemzunguka, kalamu sikioni. Amepungua. Shati linamning'inia. Wifi akaleta chai, akatuachia. Kabla sijafungua mdomo yeye akaanza.

"Dada, nilitaka kukuomba msamaha."

Wa nini?

Yule mhandisi wako alikuja kumwona na matunda, Jumatano. Alikaa sana, akaeleza vizuri sana, ana heshima. Alimwambia bangili ilikuwa imelegea ndiyo maana haikumwonya. "Kwa hiyo ni mimi. Nilikaza, lakini labda sikukaza sawasawa. Nimekuharibia kazi yako, Dada. Ulinipa jambo moja tu nikufanyie."

Nilitazama mkono wake. Mstari bado ulikuwapo, umefifia, wa kahawia sasa. Ulikuwa pale, mbele yetu, kati ya chai na madaftari! Neno moja tu lilihitajika.

Nikasema, "Usijali. Imeshapita."

Akafurahi. Akanionyesha majina kwenye friji. Nikasifu. Nikaondoka. Nimetembea mpaka nyumbani, saa nzima na nusu, kwa sababu sikutaka kukaa karibu na mtu.

Jumapili, 9 Machi

Sina la kuandika. Nimefua mapazia.

Jumanne, 11 Machi

Bwana Kesho: "Dada, siku mbili." Sikujibu. Ameona kwamba nimeona. Haya, na aonje.

Hapana. Si mzaha. Ninakaa na simu mapajani na ninajihesabia visingizio. Nimeapa kwa Mama kwamba sitamwandika mdogo wangu — kweli. Nikisema, atapoteza uwanja wake — kweli. Nami nitapoteza kazi, na kwa umri wangu hakuna dawati linaloningoja — kweli tupu. Kila kisingizio ni cha kweli, ndiyo maana vinanifaa.

Ningeweza kusema mimi peke yangu. "Aliyemwona akianguka." Jina langu, si lake. Lakini nani hatajua? Mji mzima unajua nina ndugu mmoja.

Jumatano, 12 Machi

Wifi amepiga wakati wa chakula cha mchana, sauti imejaa furaha. Boksi limefika shuleni! Bangili arobaini, kila moja kwenye mfuko wake. Mwalimu kashindwa kukaa kwenye kiti. Kawapanga watoto mistari minne uwanjani, akapita kwa mmoja mmoja akiwafunga. "Kazeni! Kazeni vizuri, msiwe wazembe kama mwalimu wenu." Watoto wakacheka. Ndiyo mara ya kwanza kuwaambia kwamba haikuwa malaria — kawaambia alizimia kwa uzembe wa mkanda.

Nikasema, vizuri.

Wifi akaendelea. Kuna yule binti wa darasa la sita, mwembamba, anayeishiwa pumzi. Mwalimu hajawahi kumruhusu kukimbia. Humpa filimbi ashike. Mwaka huu karuhusiwa. Mama yake alikuja kuuliza kama ni salama, na mwalimu akamwonyesha bangili. Akamwambia: hii itatuambia kabla hajachoka. Binti alilia kwa furaha. Mama yake pia.

Nilikata simu nikisingizia mgeni.

Watoto arobaini, taa arobaini za kijani. Wazo langu. Nililitema kabla sijalitafuna.

Alhamisi, 13 Machi

Niko sebuleni kwa mdogo wangu. Saa kumi kasoro dakika kumi na moja. Naandika kwenye daftari langu katikati ya madaftari ya watoto, kwa sababu mikono inahitaji kazi.

Nimeondoka ofisini saa saba bila kuaga. Nimemkuta anakula. Nimemwambia kabla sijaketi, mkoba bado uko begani, ili nisipate nafasi ya kunywa chai na kughairi. Nimeanza na Mhandisi kupiga goti. Bangili kwanza, maji baadaye. Taa ya kijani. Ile alama ya hospitali, yenye vitundu vya kuhesabika — mkanda uliolegea hauachi alama. Kumi na wawili wakawa kumi na mmoja. "Sawa" yangu. Kiambatisho.

Hakunikatisha. Wifi alisimama mlangoni na mwiko mkononi, hakuingia wala hakutoka.

Alipoongea aliuliza jambo moja. "Ulijua tangu lini?"

Tangu hospitali.

"Kwa hiyo Jumamosi, nilipokuomba msamaha."

Nilijua.

"Na jana, nilipokuwa nawafunga watoto."

Akasukuma sahani. Akasema hajawahi kuniona mwongo maisha yake yote, alikuwa akiwaambia watu, dada yangu mimi ana ulimi mkali lakini hasemi uongo. Alisema kwa upole. Heri angenipiga.

Nikamwambia sitalitaja jina lake, niliapa. Nitamwambia yule mwandishi nilimwona mtu akianguka, basi. Akasema, "Mtu." Kisha akaingia chumbani. Nimemsikia akifungua kabati.

Saa kumi kasoro dakika nne. Simu. Bwana Kesho. Nimeiacha iite mpaka ikanyamaza. Mwezi mzima nilimsaka mimi, sasa ndiye anayenisaka, na sipokei!

Inaita tena.

Mdogo wangu ametoka. Amevaa suruali ya michezo na filimbi shingoni. Amechomeka shati. Nikadhani anakwenda shuleni kukusanya bangili, lakini amevuta kiti, amekaa mbele yangu, mbali kidogo, pale wanapokaa watoto wanapokuja kusahihishiwa. Nimemsogezea simu. Nilidhani ataichukua. Nilidhani atanisaidia, kama anavyonisaidia siku zote.

Ameirudisha upande wangu kwa kidole kimoja.

"Pokea wewe. Weka spika. Nataka kusikia utakavyosema."

Nimepokea. Kalamu iko mkononi kwa mazoea, naandika anachosema kama zamani. Anasema shikamoo Dada. Anasema mhariri amesimama nyuma yake. Anasema ana dakika mbili. Anauliza, namba saba ni nani.

Mdogo wangu ameweka mkono wa kushoto juu ya meza, karibu na daftari langu. Ngozi imerudi kuwa ngozi. Alama haipo tena, hata kwa kuitafuta.

"Dada? Upo? Namba saba ni nani?"

Wifi amezima jiko. Mdogo wangu hanitazami mimi, anaitazama simu. Namwambia Bwana Kesho aandike, na yeye anasema, ndiyo, niko tayari, jina lako kwanza, na mimi nalitaja, kisha naweka kalamu chini.